Jina Nguzoni

Barua ya jeshi ilisema Shomari haonekani. Haikusema amekufa, na kwa hiyo kadhi alikataa kabisa kumwandika Zamzam mjane. Alitaka mtu aliyeona kwa macho yake. Mtu huyo akaja mwenyewe: Bakili, fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu, rafiki wa Shomari tangu utotoni, aliyekuwa naye vitani Burma. Akaapa mbele ya kadhi kwamba alimzika Shomari kwa mikono yake, amemlaza upande wa Kibla, sanda ameikata kwenye turubai la hema. Kwa kiapo hicho matanga yakawekwa, na Zamzam akakaa eda miezi minne na siku kumi. Eda ilipokwisha, Bakili akaposa. Nani angemkataa mtu aliyemsitiri mumewe?

Wakaishi miaka kumi na miwili, na tuseme kweli, walipendana.

Mwaka hamsini na nane chama cha askari wa zamani kikapewa nafasi sita za kwenda kuzuru makaburi na viwanja vya vita huko Burma. Jina la Bakili lilikuwemo. Wiki moja kabla ya safari akasema mguu umemvimba, akamwachia nafasi Abbasi, kaka yake Zamzam, aliyekuwa dereva wa jeshi na sasa fundi wa reli Gerezani. Mke aliuona ule ni ukarimu mkubwa, akamkanda mguu kwa maji ya chumvi. Zamzam akampa Abbasi ubani na chupa ya marashi ya kunyunyiza kaburini, akamsihi asome Yasini pole pole, asiharakishe.

Abbasi alirudi Ijumaa moja baada ya sala. Bakili alikuwa barazani na cherehani yake. Abbasi akampita bila salamu, akaingia uani ambako dada yake alikuwa anachambua mchele, akaweka chupa juu ya ungo. Ilikuwa bado imejaa.

"Sikuwa na pa kuyamwaga, dada," alisema.

Akamweleza. Mzungu mmoja mwenye daftari nene aliwapakia kwenye basi, akawatembeza kiwanja baada ya kiwanja: simameni hapa, pigeni picha pale, hapa ndipo mliposhinda. Abbasi hakukumbuka kushinda popote. Makaburini alisoma mawe safu kwa safu mpaka basi likaanza kupiga honi, na Shomari hakumwona. Ndipo Mzungu akafungua daftari, akampeleka kwenye nguzo kubwa. Jina lilikuwa limechongwa pale, pamoja na maelfu ya wengine. Zile nguzo, Mzungu alisema, ni za wale ambao miili yao haikupatikana. Hakuna aliyewazika.

Zamzam akauweka ungo chini. Moyo ulikuwa umeshaelewa, akili ndiyo ilikuwa inavuta miguu. Akainuka, akaenda barazani.

"Bakili, ulimzika Shomari?"

Cherehani ikaendelea kidogo, ikasimama. Alianza kusema kwamba Wazungu nao hukosea, kwamba msitu ule ulikuwa mkubwa na kaburi moja ni rahisi kupotea. Bakili akaishiwa maneno ya namna hiyo, akasema kweli: walikuwa wanakimbia, mvua inanyesha, Shomari akapigwa risasi ya paja.

"Alikuwa amekufa ulipomwacha?"

"Angekufa tu."

"Sikuulizi hilo."

Bakili akalishika gurudumu la cherehani kama mtu anayetaka kuendelea na kazi. "Alikuwa anaita," alisema.

"Anamwita nani?"

"Mimi."

Zamzam alitamani kumpiga, akatamani kulia. Uoga angeusamehe, risasi zikilia kila mtu hukimbia. Lakini mtu huyu alitoka huko na miguu yake mizima, akanywa chai nyumbani kwa Zamzam, akaenda kwa kadhi akaapa, kisha akakaa kuzihesabu siku za eda aliyoianzisha yeye.

Akaingia ndani, akatoka amevaa buibui.

"Inuka," alisema. "Twende kwa kadhi. Ukamwambie mimi ni mke wa nani."