Pindo la Vidole Vinne

...na bado anakua, hata sasa hivi nikiwa nimepiga magoti hapa na pini sita mdomoni naona kama anakua, nimeshusha pindo kidole kimoja na goti bado liko nje, gauni nililoshona kwa kipimo cha daftari langu, Nasiba, kifua hiki, kiuno hiki, urefu huu, tarehe ya miaka miwili iliyopita, nikaongeza vidole vinne vya pindo kwa kubahatisha, mimi, Hamdani, fundi ambaye hata bibi harusi mwenye haraka simkatii kitambaa mpaka asimame mbele yangu nimpime, mtoto wangu mwenyewe nimemkatia kwa kumkumbuka, haya, ndiyo hii sasa, amesimama juu ya kigoda, mikono pembeni, hatikisiki, kama nilivyomfundisha akiwa na miaka minne, na mimi nafumua, polepole, mshono mmoja, mshono mwingine, kwa ncha ya wembe, kazi ya dakika kumi ambayo nimeivuta mpaka imekuwa ya saa nzima, na nitaivuta tena, kwa sababu basi la Kigali linaondoka saa saba na saa ya ukutani inasema saa saba kasoro dakika ishirini, na kutoka hapa mpaka gare, kituo cha mabasi, ni robo saa kwa miguu ya watoto, kwa hiyo ni dakika tano tu, dakika tano zikinipotea mikononi basi litaondoka bila wao, na likiondoka leo ndege ya kesho nayo itaondoka bila wao, na tiketi zitakufa, na huyo Muderhwa, mume mpya wa mama yao, huko Kanada atasimama uwanjani na makoti yake ya baridi mkononi amngoje nani sijui... wallahi sijapanga, nilipoanza kufumua sikuwa nimepanga, ila mkono ulipunguza mwendo wenyewe, nikauona unapunguza, nikauacha.

Bashige, mdogo wake, anauliza, Papa, ku lac tunaenda saa ngapi, yaani ziwani, amekaa kwenye kiti changu anakanyaga pedali ya cherehani isiyo na uzi, gurudumu linazunguka bure, nguru nguru nguru, namjibu mm, mm ya pini, hii ndiyo raha ya kazi hii, mtu mwenye pini mdomoni haulizwi mara mbili, Nabintu, mama yao, alikuwa akianza, Hamdani, watoto wanahitaji hiki, Hamdani, lini tutahama kwenye kile chumba, nami naokota pini naweka mdomoni, naguna, anasimama kidogo mlangoni, anaondoka, miaka kumi ya ndoa nimeijibu kwa pini, na siku alipoondoka kweli, na mabegi, akarudi kwa ndugu zake Uvira, nilikuwa nakunja ukosi wa koti la mtu, nikamwambia ngoja nimalize, hakungoja, na lile koti lenyewe sikulimaliza hiyo wiki... leo asubuhi amesimama palepale mlangoni, hakuingia, wametoka Uvira alfajiri, wamepita Kamanyola, wamepita Bugarama na joto lake, watoto wananuka vumbi na mandazi, mabegi ameyaacha kwenye mgahawa wa karibu na gare, akasema, bila salamu nyingi, "Hamdani, ni saa mbili tu. Basi ni ya saa saba. Ukule nabo, ubaonyeshe lac, ubarudishe. Leo tu, usichelewe," akaenda, na kilemba kipya, na viatu vya safari, mke wa mtu, na mimi nikabaki na watoto wangu wawili sakafuni kwangu wakinitazama kama mafundi wanavyotazama kitambaa wasichokijua.

Saa mbili, na nilikuwa na mipango, tangu Jumatatu aliponitumia sauti kwenye simu kwamba makaratasi yametoka na wanapita hapa Kamembe siku ya Alhamisi nilikuwa nayo, nitawashusha mpaka majini, tutakula sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwa hili, kwa mikono, tutakunywa Fanta, nitawaonyesha ng'ambo, ile ni Bukavu, ile nyumba ya bati jekundu pale mlimani ndipo mama yenu alipozaliwa, tutapiga picha pale studio, watatu, mimi katikati, nilikuwa nimeshaamua mpaka mkono upi juu ya bega la nani, na walipofika nikasema kwanza mjaribu nguo, ni dakika kumi tu, kwa sababu nguo zilikuwa zimening'inia pale tangu juzi zimepigwa pasi, nilitaka wapande basi wamevaa mkono wangu, basi, hicho tu, wapite msitu wa Nyungwe, wafike Kigali, washuke huko kwenye theluji yao wamevaa mkono wangu, na shati la Bashige halikufunga kifungo hata kimoja cha juu, akasema linakaba, akalivua, akarudi kwenye fulana yake ya njano, nikamuuliza nani kakununulia, akasema Papa Muderhwa aliituma, na imemkaa, hilo ndilo limenichoma, imemkaa mabegani sawasawa, mtu ambaye hajamshika huyu mtoto bega hata siku moja ameingia dukani huko, ameuliza mtoto wa miaka saba anavaa ngapi, kalipa, katoka, na imemkaa, na mimi baba na fundi, miaka ishirini na mbili juu ya cherehani, nimemkaba mwanangu shingo.

Nasiba anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, ananiambia, samahani, Papa, kana kwamba yeye ndiye amekosa, angalau huyu ana jina la mama yangu, huyu nilimpa jina mimi, Bashige alipewa jina na upande wa pili kwa sababu nilisema nitafikiri jina, nikafikiri, nikafikiri, siku ya saba wakamwita wao... na watu watasema Nabintu kaiba watoto wa Mwislamu kapeleka kwa wazungu, wameshaanza kusema, hapa sokoni, na mimi nakaa kimya waendelee kusema kwa sababu ni tamu, ila barua ya kuwaruhusu wasafiri nani aliitia saini, si ni mimi, mwaka jana, hapahapa juu ya meza hii ya kukatia, nilikaa nayo miezi mitano nikiamini makaratasi ya Kanada ni hadithi za watu, yanalala miaka, yanaoza, nikatia saini ili dada yake Nabintu aache kunipigia simu, na Uvira sikuwahi kwenda, miaka miwili, kwanza ilikuwa nitakwenda baada ya Idi, halafu baada ya nguo za shule, halafu baada ya Idi nyingine, na mara moja walikuja mpaka Bugarama, kwa shangazi yao, likizo nzima, wiki mbili, kutoka hapa ni mwendo wa saa moja na kidogo, nikasema nitashuka Jumapili, na ile Jumapili kulikuwa na magauni manane ya wasimamizi wa harusi, manane, nikasema Jumapili ijayo, na Jumapili ijayo walikuwa wamesharudi, sasa namlaumu nani, namlaumu Muderhwa, inatosha, nina haki ya kumlaumu mtu mmoja.

Kesho, ndilo jina langu hapa mjini, nalijua, wanaliita nikiwa nimegeuka, fundi Kesho, njoo Ijumaa na Ijumaa ni Jumanne, na wateja wazoefu wameshajifunza, hawaniambii siku yenyewe, Mama Zulaikha alikuja mwezi ule akaniambia harusi ya binti yake ni Alhamisi, nikakesha, nikamaliza Ijumaa asubuhi nikiwa na aibu, nikakimbia na nguo mkononi mpaka kwake, nikamkuta amekaa barazani anachambua mchele, ametulia, harusi ni Jumamosi fundi wangu, karibu chai, nikamnunia wiki nzima, yaani mtu mzima napunguziwa siku kama mtoto anayefichiwa sukari, na nguo alizipata kwa wakati, yeye, wa kwanza mwaka huo... saa saba kasoro robo, tayari, wala sikuisikia ikifika, sasa, mpaka avue gauni, kwa miguu hawafiki, sasa imekwisha, nilidhani nitasikia furaha, mikono imepata jasho na wembe unateleza, nitasema nini pale gare, nitasema gauni, nitasema nilikuwa namshonea mtoto gauni, nani atamkasirikia baba anayeshona gauni, Nabintu atakaa chini juu ya begi lake, najua atakavyokaa, hatapiga kelele, hatalia mbele yangu, atatazama tu barabara upande ambao basi limekwenda, na watoto watalala kwangu leo, kwenye godoro gani, nina godoro moja, nitawapikia nini, na kesho asubuhi, kesho, wataamka, watasimama mbele yangu, nami nitakuwa na nguo za shule za darasa zima za kukata, na nitaweka pini mdomoni.

"Papa," Nasiba anasema, kwa sauti ndogo, haangalii chini, anaangalia ukuta kama nilivyomfundisha ili pindo lisipinde, "hapo ulishafumua. Ukashona. Ukafumua tena."

Mm, nasema, na moyo unapiga mpaka kwenye meno, pini zinagongana, kumbe anahesabu, kumbe muda wote huu amesimama pale juu na miguu inamuuma anahesabu mishono yangu, mtoto wa miaka kumi na moja, ameniona nikikata uzi, ameniona nikiurudisha, hakusema neno, na sasa atasema, atasema basi limetuacha Papa, nalingoja, nimeinamisha kichwa kwenye pindo nalingoja, naye anasema, "Basi haiko ya saa saba. Iko ya saa nane. Maman alikuambia saa saba, juu saa saba yako inakuwaka saa nane," na Bashige anaacha kukanyaga pedali, anaruka, Nasiba, Maman alikataza, Maman alisema tusiseme, na gurudumu linaendelea peke yake kidogo halafu linasimama, nasikia pikipiki za kule sokoni.

Saa nane... amenipunguzia saa, kama Mama Zulaikha, kama wateja wote wenye akili, ameingia Kamembe na hila mfukoni, amesimama mlangoni na kilemba chake akanipima bila futi, kwa macho, akakata, na imenikaa, imenikaa kama ile fulana ya njano, hasira inanipanda nataka kusimama nitupe wembe, miaka miwili hajaniona na bado anajua ni kiasi gani nitachelewa, hakukosea hata kidole, mimi nilikuwa nashona kwa vipimo vya zamani na watoto wamekua, yeye alitumia vipimo vya zamani na mimi sijakua... na hakuwa anajua kwamba nafanya makusudi, hapana, hilo hakulijua, alidhani ni Hamdani yuleyule tu wa kesho, akamwekea nafasi ya pindo, saa nzima, aliyoitoa kwenye muda wake mwenyewe, amekaa kule mgahawani na mabegi anangoja, na angekuwa mtu mbaya angeniambia basi ni saa tano, angepita moja kwa moja, nani angejua, watoto wasingeniona kabisa, mimi ndiye niliyekuwa naiba, na nilichoiba ni ziwa, na sambaza, na picha, nimekaa hapa saa nzima na dakika arobaini na tano natazama goti la mwanangu, uso wake sijautazama, sijui hata kama ule mwanya wa meno bado upo... na kwa nini ameniambia, alikatazwa, angenyamaza ningebaki na basi langu la saa saba lililoondoka, ningejifanya kusikitika, ananiambia kwa sababu amechoka kusimama, au kwa sababu ya ziwa, au ameona wembe unavyoniteleza akanionea huruma, sitauliza, jambo kama hilo ukiuliza mtoto atalazimika kujibu.

Nainua kichwa. Mwanya upo, mdogo zaidi, na ana kovu kwenye kidevu ambalo silijui, na ananitazama sasa, ukuta ameuacha, na mimi nazitoa pini mdomoni moja moja, sita, nazichomeka kwenye mto wa pini, mdomo mtupu, una ladha ya chuma, na saa ni saba kasoro dakika kumi, kutoka hapa mpaka majini kwa pikipiki si mbali, kula, kutazama ng'ambo, kupanda kurudi gare, inatosha ikiwa mtu hachelewi, na pindo hili nitalishusha lote, vidole vyote vinne, nisikunje kitu zaidi ya ukingo... hapana, nisilimalize, nimwachie vidole viwili ndani, kwa sababu ataendelea kukua, huko, na Muderhwa hajui kushika sindano na Nabintu hakupenda kamwe kushona, basi nitashona kwa mkono, mishono mirefu, ile mishono mibaya ya kivivu ambayo nikiiona kwa fundi mwingine nacheka, ili siku goti litakapotoka nje tena avute uzi mmoja tu, mwenyewe, bila kungoja mtu, na pindo lishuke.

"Dakika kumi," nawaambia, "halafu tunaenda ku lac."

Wanatazamana, ndugu hawa wawili, na Bashige ndiye anayeuliza, bila ubaya wowote, anataka tu kujua, "Dakika kumi zako, ao za kweli?"

Natunga uzi, mara ya kwanza unakosa tundu, mara ya pili unapita, Nasiba amerudisha macho ukutani, mikono pembeni, na mimi bado niko magotini palepale nilipokuwa, za kweli, namwambia, panda juu ya kiti, tazama saa, nihesabie.