Zege la Pumba

Askari walimpiga Pumba rungu la kwanza akiwa bado ameshika nyundo, la pili akiwa chini. Andikeni hivyo. Wao waliandika kwamba alijikwaa.

Tulimwita Pumba kwa sababu kutwa nzima alikuwa mweupe nyusi, kope na masikio kwa vumbi la mashine yake ya kusaga. Mashine ilikuwa moja tu, ya dizeli, na ndiyo iliyomlisha yeye, mkewe na wajukuu waliofiwa na mama. Barabara mpya ilipochorwa, ilipita juu ya kibanda chake.

Mthamini wa serikali alikuja na futi ya chuma. Akapima kuta, akapima hata choo. Mashine akaipita kama anavyopitwa mbwa aliyelala.

"Na hii, bwana?" Pumba akamuuliza.

"Hiyo inabebeka, mzee. Tunafidia kilichojengwa. Kinachobebeka, beba."

"Hebu ibebe wewe basi, tukuone mgongo."

Tulicheka sote isipokuwa Pumba. Kesho yake alichimba shimo, akaishusha mashine na injini yake, akaifunga nondo miguuni, akatuita tumwage zege. Kama ni kilichojengwa wanachotaka, atawajengea. Mtaa mzima tulibeba kokoto. Mkewe peke yake ndiye aliyeuliza:

"Baba, wasiporudi kupima?"

"Watarudi. Sheria yao wenyewe inasema walipe kwanza, ndipo wabomoe."

Sheria hiyo ipo. Nimeisoma. Imeandikwa vizuri sana, na wanaoivunja ndio walioiandika.

Mthamini hakurudi. Lilikuja tingatinga, na nyuma yake karandinga limejaa askari.

"Toa vitu vyako," afande akasema.

"Kitu changu ni kimoja, afande, na kimeshikwa na zege. Nipe leo tu niking'oe."

"Nani alikutuma ukimwagie zege?"

"Mthamini wenu!"

"Ahaa. Basi mngoje aje akusaidie kukichimbua."

Askari wake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Pumba akachukua tindo na nyundo. Akapiga. Alipochoka, mkewe akapokea. Zege lilikuwa zuri mno. Hatukulipunja saruji hata kidogo. Kikabanduka kipande cha ukubwa wa kiganja, basi. Afande akamwashiria dereva wa tingatinga. Ukuta wa nyuma ukaangukia ndani.

Pumba akampokonya mkewe nyundo, akamsukuma nje, yeye hakutoka. Aliilalia injini kama mtu anayemfunika mtoto, nyundo bado mkononi, na hapo ndipo walipomvamia kwa marungu. Mkono wake ulivunjika kwa sauti ya kuni kavu. Niliisikia nikiwa ng'ambo ya mtaro. Meno yakabaki kwenye unga. Wakamburuta kwa miguu, uso chini, juu ya matofali yake mwenyewe, kisha mmoja akamkanyaga jichoni kwa buti, taratibu, kama anazima sigara.

Tingatinga likaingiza kisu chini ya zege, likanyanyua. Zege lilitoka zima, kama jino na mizizi yake, mashine ikiwa juu. Likayumba, likaanguka. Kinu kikapasuka katikati, injini ikatapika oili.

Mkewe hakulia. Alichota dizeli kwenye pipa lao kwa ndoo ileile ya kupimia nafaka, akaenda moja kwa moja kwa dereva.

"Mama, wee mama, mimi nimetumwa tu!"

"Basi shuka ukamwambie aliyekutuma."

Akashuka, tena kwa kuruka. Mama akaimwaga dizeli yote juu ya kiti. Askari akamtandika rungu mgongoni. Mama akapiga magoti, akainuka. Akamtandika tena. Hapo mawe yakaanza kutoka kwetu, kila upande, na kofia ya afande ikaruka na damu. Kiberiti kilitoka mfukoni mwa nani, sitasema hata mkining'oa kucha.

Askari walikimbilia karandinga. Sisi tulimbeba Pumba mpaka kwenye ukuta wa choo, ule waliokuwa wameupima kwa makini. Jicho halikuwa jicho tena. Mkewe akampakata kichwa.

"Nini kinaungua?" Pumba akauliza.

"Tingatinga lao."

Akatema damu. "Na mashine?"

Tukageukia kinu kilichopasuka.

"Imeshatoka kwenye zege, baba," mkewe akasema, akimfuta unga kwenye nyusi. "Tulia."