Sahihi ya Mzee Mulatya

Mwaka wa 1984 Syombua alikuwa karani katika duka moja la dawa za mifugo mjini Kitui. Wateja wa mbali waliagiza kwa barua, naye alilinganisha sahihi ya kila barua na ile iliyokuwa kwenye kadi ya mteja. Zikitofautiana, dawa haikutumwa.

Siku moja barua ya Mzee Mulatya wa Tseikuru ilifika ikiwa na sahihi iliyopindapinda kama ya mtoto. Syombua alizuia dawa ya kupe, akamwandikia athibitishe kwamba agizo lilikuwa lake.

Wiki tatu baadaye mzee mwenyewe aliingia dukani, mkono wake wa kulia umelegea.

"Ni mimi niliandika, mwanangu. Huu mkono ulipooza, sasa natumia wa kushoto."

Alitia sahihi mbele yake, polepole. Ilipindapinda vilevile. Syombua aliona aibu.

"Pole sana, mzee. Si ungetafuta jirani aandike kwamba ni wewe, badala ya kusafiri hivi?"

"Majirani walihama na ng'ombe kutafuta maji. Mke wangu alifariki. Hakuna mtu wa kusema mimi ni nani."

Syombua alimtengenezea kadi mpya, akamfungia dawa. Lakini mzee hakuondoka. Aliketi kwenye benchi, akaanza kumweleza habari za mbuzi wake sita, mmoja mmoja kwa jina. Syombua alisukuma kando barua zilizobaki, akamsikiliza.