Upanga Uliokosa Mwenyewe

Wanangu wananiambia, "Mum, let it go." Niuache wapi, na mzigo wenyewe uko uvunguni mwa kitanda changu hapa Hounslow?

Marehemu baba alikuwa dereva wa KAR, jeshi la Mwingereza, huko Burma. Vita vilipokwisha, ofisa mmoja wa Kijapani alimkabidhi upanga wake kwa mikono miwili, akainama, akalia. Baba akarudi nao Unguja, na mapinduzi yalipotutoa kwetu akaja nao London. Kila siku wimbo wake ulikuwa ule ule: "Huu si wangu, ni amana. Nikifa, Siham, watafute watu wake. Jina lake lipo." Mie nikajua jina limechorwa kwenye chuma. Kisha kiharusi kikamchukua ulimi, akakaa miaka miwili bila neno, akafa.

Miaka kumi nikajitia shughuli. Wiki iliyopita nikaona haya, nikaupeleka Kenton kwa Mansukh, Mhindi wa Kisumu aliyejifunza kutengeneza panga hizi huko huko Japani.

"Bi Siham, hii kutu umeilea kama mtoto," akanitania.

"Wacha maneno, bwana. Mie nataka jina."

Akagonga kijiti cha mwanzi kinachoshika mpini, mpini ukatoka. Chuma kilichojificha ndani kilikuwa cheusi tititi. Nikachukua kitambaa nikisugue, akanidaka mkono.

"Hapa hapaguswi, mama! Umri wake unasomwa kwenye kutu hii."

Akasogeza taa, akainama.

"Jina lipo," akasema.

"Alhamdulillahi!"

"La mhunzi aliyeufua. Huyo kafa zamani sana. Mwenye upanga haandikwi hapa. Wakati wa kusalimisha silaha, maofisa wao wengi walifunga kibao kidogo cha mbao kwenye ala, wakaandika jina lao na kwao. Chako kiko wapi?"

Nikamwambia hakuna kibao. Akanionyesha alama ya uzi kwenye ala, pale ulipofungwa miaka na miaka. Nikakaa chini, kwenye sakafu yake, na vumbi lake lote.

Palikuwa na kitu kikining'inia pale, kimeshonewa ndani ya kitambaa cheusi. Baba alikishona mwenyewe kisije kikachakaa. Alipokuwa mgonjwa, jirani yangu Suad alikiona akasema, "Hirizi hiyo! Ndiyo iliyomfunga ulimi baba yako." Nikakifumua. Kibao, na maandishi si ya Kiarabu wala ya Kizungu. Nisimsingizie Suad, kiberiti nilikishika mimi. Nilikichoma kwenye chetezo, na ubani juu yake, pale pale mbele ya kitanda cha baba. Kengele ya moshi ikalia, nikaipiga fagio.

"Na kibao chenyewe kingekuwepo?" nikamwuliza Mansukh.

"Barua mbili tatu, ningewapata watu wake. Sasa, mama, tuanzie wapi?" Akaurudisha upanga alani taratibu, hakunitazama.

Baba siku ile, ambaye hata kijiko hakuweza kukiinua, alinyoosha mkono mpaka ukafika kwenye makaa. Akapiga ukelele, machozi yanamchuruzika. Nikamkandamiza kitandani kwa mikono yangu hii miwili, nikampigia Suad kelele kwa furaha: "Njoo uone, shetani anatoka!"