Kikonyo Kinachonata

Siku ya tatu ya mwezi wa tatu, vikate vya maua, vile vya unga wa mchele vilivyobandikwa maua mabichi juu, vilikuwa vimeshapelekwa kwa Malkia Mama, lakini Bibi Maeng hakutulia. Alifuta meza iliyokwisha kufutwa. Akafunika mtungi wa asali, akaufunua, akaufunika tena. Alikuwa na miaka thelathini katika jiko la vitamu la kasri, na tangu majira ya baridi macho yake yalikuwa yakiliona kila ua kama doa la waridi tu. Hakumwambia mtu.

Akachukua kikapu akung'ute mabaki ya maua. Kikonyo kimoja kikamganda kidoleni.

Akakibana tena kwa vidole: kilinata. Ua la kuliwa halinati. Linalonata ni lile jingine la mlimani, linalofanana nalo kama pacha, nalo lina sumu.

Wanawake wa kasri hawakimbii. Bibi Maeng alikusanya sketi yake akakimbia, akampita mlinzi aliyebaki mdomo wazi, akavuka viwanja viwili hadi chumbani kwa Malkia Mama.

"Msile! Kuna ua baya humo!"

Bibi Pyo, mwonjaji wa vyakula vya Malkia Mama, alikuwa ameshameza kimoja.

"Ndiyo unakuja kuniambia sasa?" akasema, vijiti vya kulia bado mkononi. "Si ungesubiri nizikwe kwanza!"

Malkia Mama alisukuma sinia pembeni. "Nani alichambua maua?"

"Mimi, Mtukufu. Peke yangu." Bibi Maeng alikuwa amepiga magoti, paji la uso sakafuni. "Macho yangu hayaoni vizuri. Nimelificha jambo hili."

Malkia Mama akaamuru tabibu aitwe.

Mchana kutwa Bibi Maeng alikaa na beseni kando ya Pyo, ambaye alitapika mara mbili na kulalamika kuwa dari inazunguka.

"Acha kunikodolea macho, dada. Kwanza yenyewe hayaoni."

Bibi Maeng alitaka kucheka, akajikuta analia.

Alasiri ikaja amri: asiguse maua tena, kuanzia kesho ahamie kwenye mitungi ya mchuzi wa soya, huko nyuma. Akainama, akapokea. Alikuwa ametarajia kufukuzwa.

Pyo aliomba uji. Bibi Maeng akauleta, akakaa, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga.

"Kizunguzungu kimekwisha?"

"Umeniuliza mara nane, wewe! Kaa chini."

Akakaa. Kabla bakuli halijafika nusu, akamuuliza tena.