Sifa za Kindu

Kasilda aliichukia Kindu kabla hajajua iko upande gani wa dunia. Aliichukia kwa sababu ya mdomo wa Cubaka, Mkongomani wa Bukavu aliyeuza vitenge jirani na genge lake la maharagwe pale mtaa wa Magarama, mjini Gitega. Cubaka alikuwa amefanya biashara Kindu, huko kwao Kongo, kabla vita havijamfukuza, na kila wateja wakipungua alianza kuusifu mji ule. Venansi, mume wa Kasilda, alivuta kigoda akasikiliza kama mtu aliyerogwa.

"Muto Lualaba iko mukubwa, Venansi. Hii Ruvubu yenu ni mufereji tu. Bato zinatoka ku port zinashuka mpaka Ubundu, na treni inafika palepale. Wangwana wa zamani kutoka pwani walipita kule na pembe za ndovu, ndiyo maana mpaka leo watu wanasema Kiswahili. Na muchele yake! Asubuhi unavuka na mutumbwi kwenda Alunguli, ukungu imelala juu ya maji..."

"Na watumwa?" Kasilda alidakia. "Mbona husemi kwamba walipitisha na watu waliofungwa minyororo?"

"Mama, mi naongea na bwana yako."

"Kama kwenu kuzuri hivyo, unatafuta nini kwetu?"

"Kwenu?" Cubaka akacheka. "We mwenyewe wanakuita Mutanzania hapa."

Kasilda akarudi kupima maharagwe. Yeye na Venansi walikulia kambi ya wakimbizi ya Kasulu, Tanzania, wakila chakula cha mgao. Waliporudi Burundi, kijijini Mwakiro, walikuta shamba la baba yake Kasilda linalimwa na mtu mwingine, wakaja Gitega kuchuuza huku wakilidai. Sasa shamba limerudi, mvua imekaribia, na mume anaota meli.

"Acha nikaone, mama Anisia," Venansi alimwambia wiki ile. "Maisha yangu yote nimeona uzio na foleni."

"Nimechoka kuwa mgeni wa watu. Ukienda, nenda peke yako."

Akaenda. Kasilda alifunga genge bila kumuaga Cubaka, akamchukua binti yake hadi Mwakiro, akashika jembe. Alilima kwa hasira, akimwomba Mungu Kindu iwe uongo mtupu: bato ziwe zimeoza, reli imemezwa na nyasi, Venansi arudi kichwa chini. Maneno ya kumpokea nayo alikwisha kuyanoa.

Siku moja simu ikalia.

"Mke wangu, ni kweli yote," Venansi alisema, sauti imejaa furaha. "Huo mto! Napakia magunia bandarini, na nimepata chumba. Njooni."

Kwa mume aliyeshindwa, Kasilda alikuwa na maneno. Kwa mume mwenye furaha hakuwa na hata moja. Laiti Cubaka angekuwa mwongo, angemsamehe.

"Anisia anauliza baba yake atarudi lini. Nimjibu nini?"

Nyuma ya Venansi watu walikuwa wakiitana, injini ikinguruma.

"Njooni kwanza muone," alisema.

Kasilda alikata simu, akamwita Anisia wakamalizie palizi. Venansi alipiga tena siku zilizofuata, hakupokea. Maharagwe yalikomaa, wakayavuna wawili. Alipokutana na Cubaka, aliyekuja kuuza vitenge soko la Muyinga, karibu na Mwakiro, naye akamwita "mama" kwa sauti ya upole, Kasilda alitema mate chini akapita.