Mganda wa Gudveig

Asubuhi ile niliamka na kiherehere cha mtoto mdogo, na umri wangu huu. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, njia ya mlimani imekuwa nyeupe na ngumu kama ninavyoipenda. Na leo, baada ya kuambiwa "usije" tangu vuli, nilikuwa ninakwenda kwa Gudveig, atake asitake.

Gudveig ni rafiki yangu tangu shule. Mumewe, Steinar, alifariki mwaka jana Krismasi ikikaribia, na sasa kila anayempigia simu anaambiwa kwamba mwaka huu kwake hakuna sikukuu. Haoki, hapambi, na mganda wa ndege hatundiki. Hilo la mganda ndilo lililonichoma. Hapa bondeni kwetu Valdres mtu anaweza kukosa mti, anaweza kukosa hata nyama, lakini ndege hawanyimwi mganda wao wa shayiri juu ya mlingoti wa uani. Nilijua tukimwacha hivyo mwaka huu, mwakani atakuwa amezoea, na mtu akishazoea kujifungia humtoi tena. Niliogopa kumpoteza naye, kusema kweli.

Basi nikamfunga Bruna, farasi wangu jike, kwenye sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, nikamvisha njuga zote nilizo nazo. Mganda mnono wa kumpelekea Gudveig nikaufunga nyuma ya sleji, masuke yakitazama nyuma ili upepo usiyapukutishe. Nikajiona fundi kwelikweli.

Rafiki yetu Bergljot akafika na sleji yake, ikivutwa na Lyn. Kwa lugha yetu lyn ni umeme wa radi, jina alilopewa na mtu mwenye matumaini mengi, maana bonde zima halina farasi mvivu kama yule.

"Njuga zote hizo, shoga? Twaenda kwa mjane au twaenda harusini?"

"Twaenda kumtoa mtu ndani. Na huyo goigoi wako akibaki nyuma, mimi simsubiri."

"Leo huyo goigoi atakushangaza. Wewe tangulia tu!"

Tukaondoka. Loo, raha iliyoje! Bruna alitaka kukimbia tangu hatua ya kwanza, moshi wa pumzi unamtoka puani, theluji inaturukia usoni, na mimi nimejifunga skafu mpaka machoni, nacheka peke yangu. Nyuma nasikia Lyn anahema karibu kabisa na mgongo wangu. Mlima ule huwa anaupanda kama anapelekwa machinjoni.

"Umeona?" Bergljot akapaza sauti. "Umeona anavyofuata leo?"

"Umempa nini?"

"Mapenzi, bibie! Wewe farasi wako humpa mapenzi?"

Hata ndege walitufuata. Kundi zima la shomoro, na wale wa manjano pamoja nao, likawa linatua njiani nyuma yetu, linaruka, linatua tena. Nikasema moyoni, hii ni heri tupu. Kugeuka sikugeuka, kwa kuwa Bruna alihitaji mikono yangu miwili. Naye Bergljot mbele yake aliona makalio ya Lyn tu.

Tulipoingia uani kwa Gudveig, alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni, mikono kifuani. Amekonda. Mlingoti ulikuwa mtupu, na juu yake wametua ndege watatu wa kifua chekundu, wanangoja walichozoea.

"Haya, mmeshaniona," akasema. "Sasa rudini."

"Bila kuonja hata kitu?" Bergljot akauliza. "Unajua mwenyewe, mgeni wa msimu huu akiondoka hajala, anaondoka na Krismasi ya nyumba."

"Ondokeni nayo. Ichukueni yote. Ndicho ninachotaka."

Mimi hasira zangu ziko karibu, na zikanipanda.

"Sawa, sisi tunyime," nikamwambia. "Hao walio juu wamekukosea nini? Mimi nimewaletea chao!"

Nikageuka kwa maringo kuchukua mganda. Nilikuta mabua. Mabua matupu, yamefungwa kamba yangu nzuri, hayana hata punje. Lyn alikuwa amesimama palepale, macho nusu yamefumba, suke moja la mwisho likining'inia mdomoni mwake. Akalivuta ndani taratibu.

Kisha Bergljot, kwa sauti ndogo:

"Kumbe ndiyo maana alikuwa anafuata."

Nilitamani kulia. Nimeshika rundo la mabua mbele ya mtu niliyemsimanga sasa hivi, na shomoro wanamalizia punje chini ya sleji yangu. Nikamtazama Gudveig. Mabega yalikuwa yanatikisika, ameziba mdomo kwa kiganja. Nikadhani nimemliza. Halafu kikamtoka kicheko, kile chake cha shuleni cha kukoroma, nilichokuwa sijakisikia tangu mazishi.

Alipotulia alishuka ngazi bila koti, akavuka ua mpaka ghalani. Akarudi na mganda wa shayiri kifuani, ameukumbatia kwa mikono yote miwili.

"Niliukata mwezi wa nane," akasema. "Mashine ya kuvuna ilikuwa njiani, nikaingia shambani na mundu. Steinar ndiye aliyekuwa akikata. Sijui nilifikiri nini. Nikauficha, nikasema watakula kondoo."

"Tutundike?" nikamuuliza.

"Sifiki. Yeye alikuwa akifika."

Nikamsogeza Bruna mpaka chini ya mlingoti, nikamshika hatamu asitikisike. Gudveig akapanda juu ya kiti cha sleji, Bergljot kamshika kiuno, naye akaufunga mganda. Hajamaliza fundo, ndege mmoja wa kifua chekundu akatua karibu na vidole vyake, akaanza kula. Gudveig akabaki juu pale, mkono hewani, machozi yanamtiririka. Tulimwacha alie.

Aliposhuka sikutaka kumsumbua zaidi. Nikapanda sleji, nikaigeuza kuelekea njiani.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani. Si umesema turudi?"

Akaja akamshika Bruna lijamu.

"Nina mkate mkavu na jibini la kahawia, basi. Sikuoka. Wafungeni hao farasi, na huyo mwizi mfungeni mbali na mlingoti, muingie ndani, mle. Hamtoki hapa na Krismasi yangu."

Mkate ulikuwa mgumu wa kuvunja meno na jibini limekauka pembeni. Nilikula nikilia bila aibu, nikaomba tena. Gudveig alitukatia, akatumiminia kahawa, kisha akavuta kiti na kujikatia kipande chake.